Somo la Redio: Mpunga, Tembo na Njia ya Zamani

Mwenye kalamu na aishike. Asiye nayo na atege sikio. Leo twaenda Ifakara, katika bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro.

Upande mmoja wa bonde hilo ipo milima ya Udzungwa. Masika mto hufurika, na maji yakipungua huacha rutuba. Ndiyo sababu mpunga wa huko una sifa. Lakini kiangazi majani mabichi hubaki bondeni, na wanyama nao huyapenda. Yuko sheshe, swala wa nyasi za majimaji. Yuko na tembo.

Tangu zamani tembo walishuka Udzungwa, wakavuka bonde mpaka pori la Selous, kisha wakarudi. Udzungwa ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Lakini katikati watu wameongezeka, na mashamba ya mpunga na miwa yameziba njia. Tembo hasomi ramani. Hufuata njia aliyoonyeshwa na mama yake, na akikuta mpunga umeiva, hula. Mkulima amelala dunguni miezi, akilinda ndege na nguruwe; usiku mmoja chakula cha mwaka kimekwisha. Akitoka gizani kumfukuza tembo kwa mwenge, aweza kufa.

Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Yatazameni maneno hayo. Jasho lafutwa, ghala halijai. Basi yafaa kuzuia hasara kabla haijaja.

Njia ya kwanza ni kumwachia tembo mapito yake. Mapito hayo huitwa ushoroba. Andikeni: u-sho-ro-ba. Karibu na Kanyenja, kaskazini ya Ifakara, wenye mashamba walitoa ardhi wakalipwa fidia, na chini ya barabara pamejengwa njia ili tembo wapite. Kutoa shamba si jambo dogo. Kwa hiyo sharti wenye ardhi waulizwe kwanza, na walipwe kwa haki. Ushoroba usiokubaliwa na wanakijiji hautadumu.

Njia ya pili ni nyuki. Tembo humwogopa nyuki, kwa maana humuuma machoni na ndani ya mkonga. Watu huzungushia shamba waya na kutundika mizinga kila baada ya mita 10. Tembo akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Tupige hesabu. Shamba lina pande nne, kila upande mita 60. Mzunguko wake ni mita 240. Gawanya kwa 10: mizinga 24. Ili kupunguza gharama, nusu yaweza kuwa mbao tu zenye umbo la mzinga. Basi mizinga ya kweli ni 12. Lakini angalieni: mizinga ikikaa bila nyuki, tembo atazoea. Sharti itunzwe, na asali yake ni faida.

Njia ya tatu ni kuacha ukingo wa mto bila kulima. Zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji hutoka Kilombero. Tukilima mpaka ukingoni, udongo huchukuliwa na maji. Hapo mnyama amekosa mahali, na mkulima amekosa shamba.

Ndugu zangu, hatusemi tembo ale na mtoto alale njaa. Twasema kila mmoja apate mahali pake, na gharama isiachiwe mkulima peke yake.

Zungumzeni darasani:
1. Ushoroba ni nini?
2. Kama shamba lako lingekuwa katika njia ya tembo, ungetaka nini kabla ya kulitoa?
3. Shamba lina kila upande mita 80. Pigeni hesabu: yatakiwa mizinga mingapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.