Hita Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa: Kutafuta Hitilafu ya Mashine ya Kuosha Vyombo Isiyopasha Maji

Mada kwa mafundi umeme na wasimamizi wa majiko ya kambi, Buzwagi, Kahama



1. Utangulizi

Mgodi wa Buzwagi ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na ukasimamisha uzalishaji mwaka 2021. Sasa eneo lake linageuzwa kuwa la viwanda. Bulyanhulu na Geita bado zinachimba. Mgodi au kiwanda, palipo na kambi pana mesi, na mesi inayolisha zamu ya mchana na ya usiku haiwezi kutegemea beseni na sponji. Mashine ya kuosha vyombo ikishindwa kupasha maji, sahani hutoka na utando wa mafuta, hukawia kukauka, na vijidudu hubaki. Katika mashine za majiko makubwa zinazotakasa vyombo kwa joto, maji ya suuza ya mwisho hutakiwa kufika kama nyuzi 82 za Selsiasi. Ya kuoshea hutosha yakiwa kati ya 55 na 65.

Hoja ya mada hii ni moja. Maji yakiwa baridi, hita ndiyo hushtakiwa kwanza, na mara nyingi mpya huagizwa kabla ya mtu yeyote kushika multimita. Kipuri kinafika, kinafungwa, na maji yanabaki baridi vilevile. Hita ni kituo cha mwisho cha safari ndefu ya umeme na ruhusa. Tuikague safari yote.

2. Anza kwa mpishi na kipimajoto

Muulize anayeitumia mashine: ni maji ya kuoshea au ya kusuuzia yaliyo baridi? Mashine kubwa ina tangi la kuoshea na boila ya kusuuzia, kila kimoja na hita yake. Katika modeli nyingi boila hupewa kipaumbele, na tangi husubiri hadi boila ifikie joto lake. Tangi baridi asubuhi, dakika chache baada ya kuwasha, huenda linasubiri zamu yake tu. Mashine ndogo ya nyumbani kwa kawaida ina hita moja, na baadhi ya programu zake za suuza ya haraka hazipashi maji kabisa.

Kisha pima maji yenyewe kwa kipimajoto. Mvuke si ushahidi, na namba ya kwenye kioo hutoka kwa sensa ambayo nayo inaweza kuwa mbovu.

3. Maji kabla ya umeme

Hita hairuhusiwi kuwaka hadi mashine iamini kwamba maji yametosha. Ruhusa hiyo hutolewa na swichi ya shinikizo, inayounganishwa na tangi kwa mpira mwembamba. Mpira ukizibwa na mafuta, swichi haisomi kitu na hita hunyimwa umeme bila kosa lake. Kwa mashine ya nyumbani, chujio chafu au pampu dhaifu ya mzunguko huleta matokeo hayohayo.

Uliza pia maji yanatoka wapi. Maji ya Ziwa Victoria yanayoletwa Kahama na Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele, Misungwi, ni laini, kwa hiyo hujenga ukoko wa chokaa kwa kiasi kidogo. Visima hutofautiana. Kambi ya kisima chenye maji magumu iweke ratiba ya kuondoa ukoko, kwa sababu hita iliyovikwa chokaa huungua ndani huku maji ya nje yakichelewa kupata moto.

4. Umeme chini ya mzigo

Chukua boila ya lita 6 yenye hita tatu za kilowati 2, kila moja kati ya fezi na nyutro. Kwa volti 230, kuyatoa maji nyuzi 25 hadi 85 huchukua kama dakika 4. Volti zikishuka hadi 190, nguvu hushuka hadi takriban asilimia 68, na muda hufika dakika 6. Fezi moja ikikatika, hubaki kilowati 4, na muda ni dakika 6 vilevile. Hitilafu mbili tofauti, dalili moja. Fundi anayekisia atabahatisha. Anayepima volti za fezi zote tatu wakati hita zinavuta umeme atajua.

Dakika hizo mbili hazionekani saa nne asubuhi. Huonekana zamu zinapopishana, vikapu vya sahani vinapofuatana bila nafasi na boila ikakosa muda wa kurudisha joto.

5. Kontakta na themostati

Pima kwenye koili ya kontakta. Ina umeme lakini kontakta haivuti: koili imekufa. Imevuta lakini upande wa kutokea hauna fezi moja: ncha zimeungua. Koili haina umeme: rudi nyuma kwenye themostati, swichi ya shinikizo na bodi.

Themostati ya usalama ikiwa imejikata, ina sababu: maji yalipungua, ukoko umezidi, au kontakta iliganda ikiwa imefunga. Kuibonyeza irudi bila kutafuta sababu ni kuahirisha kazi. Kuiunganisha kwa waya ili iache kukata ni kuiweka kambi nzima hatarini. Jambo hilo lisifanywe hata mesi ikiwa na foleni.

6. Sasa hita

Zima, weka kufuli lako na lebo, thibitisha umeme haupo, kama mgodi wowote unavyodai. Ondoa nyaya za hita. Ya kilowati 2 kwa volti 230 isome karibu omu 26. Ikisoma njia imekatika, imekufa. Kisha pima insulesheni kati ya hita na bati kwa kipimo cha volti 500: ikisoma chini ya megaomu 1, ikaushwe na kupimwa upya, ikibaki hivyo, ibadilishwe. Hita yenye omu sahihi inayovujisha umeme kwenye ethi ndiyo inayokata swichi ya usalama usiku, na asubuhi lawama zikaenda kwa TANESCO.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila jiko liwe na daftari la joto la suuza, lisomwe mwanzo na katikati ya kila zamu. Joto linaloshuka kidogo kidogo hutoa taarifa wiki kadhaa kabla ya mashine kuharibika.

Pili, stoo isikubali ombi la hita lisilo na vipimo vitatu: volti chini ya mzigo, omu, na insulesheni.

Tatu, hadi joto lirudi, vyombo vitakaswe kwa dawa ya klorini inayoruhusiwa kwa vyombo vya chakula, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye kibandiko.

Nawaomba wasimamizi mliopo muanze na pendekezo la pili, kwa kuwa halihitaji bajeti: linahitaji fomu moja na msimamo wa mtunza stoo.