Ajira ya Kudumu, Mkataba na Sauti ya Mfanyakazi

(Hotuba iliyosomwa na wakili mbele ya waumini na wanaharakati, Kombewa)



Nimeombwa nizungumzie ridhaa ya daktari na mwalimu katika kazi yao. Wako wanaodhani kwamba jambo hili ni la mshahara tu. Sivyo.

Tuanze na madaktari. Mwaka 1994 waligoma wakidai chama chao kiandikishwe. Walinyimwa, hakikuandikishwa hadi 2011, chini ya Katiba mpya. Tarehe 5 Desemba 2016 waligoma tena, kwa siku 100. Wengi wao walikuwa na ajira ya kudumu. Lakini makubaliano yaliyotiwa saini 2013 hayakuwa yametekelezwa. Basi ajira ya kudumu haimridhishi mtu iwapo neno la mwajiri wake si la kudumu.

Sasa mtazameni mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi. Mwaka 2023 na 2024 alilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, ilhali amehitimu, amesajiliwa, na anafunza darasa sawa na la mwenzake wa kudumu. Tarehe 17 Aprili 2024 mahakama ya leba iliamua kwamba Tume ya Huduma za Walimu haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Januari 2025 walimu wapatao 46,000 walipewa ajira ya kudumu. Hawakuipata kwa kunyamaza.

Ndugu zangu, dhara kubwa la mkataba mfupi si mfuko mtupu. Ni ulimi uliofungwa. Anayengoja mkataba wake uongezwe hathubutu kusema kwamba dawa zimekwisha au darasa limefurika. Akinyamaza yeye, anayeumia ni mgonjwa na mtoto wa hapa Seme.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira mema ya kazi, kujiunga na chama na kugoma. Hakikumbagua wa mkataba. Wahenga walinena kwamba mnyonge hana haki; Katiba imeikataa methali hiyo.

Nasi wa kanisa tujipime. Kabla ya kuinyoshea serikali kidole, tuulize: katika shule na zahanati zetu wenyewe, nani anafanya kazi kwa mkataba, na je, anaweza kulalamika asifukuzwe?

Tulidai vyama vingi ili mwananchi aseme bila hofu. Sauti hiyo isikome langoni mwa shule na hospitali.