Mwanamuziki na Ulinzi wa Ardhi Asilia: Mafunzo kwa Ndalu

Mwanamuziki anayetetea mto au kinamasi cha kwao huanza na mtaji ambao wanaharakati wengine huutafuta kwa miaka: watu waliokwisha kukusanyika. Huko Ndalu, eneo bunge la Tongaren, kaunti ya Bungoma, mtaji huo uko mikononi mwa mpiga litungu. Ala hiyo ya nyuzi ya Wabukusu husikika matangani, harusini na katika sherehe za tohara, ambazo hufikia kilele chake Agosti ya miaka shufwa. Alfajiri ya siku ya kutahiriwa, kijana husindikizwa kwa nyimbo hadi mtoni na kupakwa matope. Kwa hiyo kinamasi si mandhari tu ya muziki huo. Bila matope yake sherehe hupungukiwa.

Nchi ya Ndalu ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru ikagawiwa wakulima chini ya mipango ya makazi. Mahindi yalitwaa sehemu kubwa. Kilichosalia kwa mimea ya asili ni kingo za vijito na mabonde yenye maji, na hata huko jembe na mikaratusi vinazidi kusogea. Upande wa Kitale kuna mfano wa kinamasi kilichookolewa: Saiwa, makao ya nzohe, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1974 ingawa eneo lake ni kilomita tatu hivi za mraba.

Jinsi wimbo unavyogeuka kuwa ulinzi imeonekana wazi zaidi Marekani. Pete Seeger, mwimbaji na mpiga banjo, aliishi Beacon, kando ya mto Hudson, wakati viwanda na miji ilipoufanya mto huo jalala. Mwaka 1966 yeye na mkewe Toshi walianza kuchangisha fedha kwa matamasha ili waunde jahazi la mtindo wa kale. Jahazi hilo, Clearwater, lilishushwa majini mwaka 1969. Wakosoaji waliuliza tanga litasafishaje maji machafu, na swali lao halikuwa la kipuuzi. Ila jahazi liliwaleta mtoni watu waliokuwa wamekwisha kuupa mto kisogo: watoto wa shule walivuta nyavu, wakaona samaki na uchafu kwa macho yao. Seeger alilipeleka hadi Washington kudai sheria, na Sheria ya Maji Safi ikapita mwaka 1972 licha ya kura ya turufu ya Rais Nixon. Hata hivyo, kemikali za PCB zilizomwagwa na General Electric hadi 1977 hazikuanza kuchimbuliwa mtoni hadi 2009. Seeger alikuwa na umri wa miaka 90.

Don Henley wa bendi ya Eagles alifuata njia nyingine. Mwaka 1990, msitu wa Walden ulipotishiwa na majengo, alianzisha shirika lililochangisha fedha na kununua viwanja vilivyohusika. Njia hiyo huhitaji nyota tajiri, na Ndalu haina.

Ina sheria, hata hivyo. Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Mpiga litungu anaweza kushtaki kwa ajili ya kijito kisichopita shambani kwake. Mwaka 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliwapa Waogiek wa Chepkitale, Mlima Elgon, ushindi dhidi ya uamuzi wa mwaka 2000 uliogeuza ardhi yao kuwa hifadhi ya wanyama. Nyuma ya kesi hiyo palikuwa na jamii iliyojipanga, na hata sheria zake ndogo za kutunza ardhi ilikuwa imeziandika.

Kikwazo kikubwa cha mwanamuziki ni mlo wake. Wakati wa kampeni wanasiasa hukodi waimbaji, na anayelipa anaweza kuwa ndiye aliyezungushia kinamasi seng'enge. Seeger aliweza kusema kwa sauti kubwa kwa sababu matamasha yake yaligharimiwa na umma, sarafu kwa sarafu. Kikundi cha Ndalu kilichosajiliwa, chenye daftari la michango na wazee wanaojua mipaka ya zamani ya kinamasi, kinaweza kumlipa mwimbaji wake kwa namna hiyo hiyo, kisha kumsindikiza hadi masjala ya mahakama.