TAARIFA, SI MAOMBI: MCHUNGAJI MTIKILA NA BARUA YETU YA MKUTANO

*Kwa wanachama wote wa tawi, Kibondo.* Haya ni maneno ya Katibu Mwenezi wa tawi katika kikao cha kumkumbuka Mchungaji Christopher Mtikila. Yanatumwa kwa ajili ya walioshindwa kufika kwa sababu ya shamba, safari au ugonjwa. Mwenye simu amsomee asiye nayo.

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, wajumbe wa Kamati ya Utendaji, wazee wetu, mama zetu, vijana wa bodaboda mlioegesha pikipiki hapo nje, ndugu wanachama wote, mwakeye!

Najua wapo watakaouliza: tawi la Kibondo lina habari gani na Mtikila? Alikuwa mtu wa Ludewa, alizaliwa mwaka 1950, akawa mchungaji, akaongoza chama kingine kabisa, Democratic Party. Hakuwa wa chama chetu na hakuwahi kututafutia kura hata moja. Hilo ni kweli. Lakini barua tunayotaka kuipeleka polisi wiki ijayo, ya mkutano wetu wa hadhara, inamhusu yeye kuliko inavyomhusu kiongozi yeyote wa chama tuliyembandika ukutani hapa.

Nieleze. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, lakini sheria ya mikutano ilibaki ile ya zamani, Sheria ya Polisi iliyorithiwa kwa mkoloni. Ukitaka kuzungumza na watu uwanjani, unaomba kibali. Ukinyimwa, unarudi nyumbani. Mtikila alikuwa na mdomo na hakuwa mtu wa kurudi nyumbani. Alikamatwa, akashitakiwa, akatoka, akazungumza tena. Wengi wetu tungeishia hapo, kwenye kukamatwa na kulalamika. Yeye mwaka 1993 alifungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma, kesi ya madai namba 5, dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Hukumu ilisomwa tarehe 24 Oktoba 1994 na Jaji Kahwa Lugakingira. Wanasheria wanaisoma mpaka leo, na kwa maoni yangu kila katibu wa tawi angepaswa kujua angalau kiini chake. Jaji alisema kwamba Katiba inampa raia uhuru wa kukusanyika na wenzake. Sasa kama uhuru huo unautumia pale tu afisa fulani anapopenda, basi hapo hakuna uhuru, kuna hisani. Akakifuta kipengele cha kibali. Baada ya hapo sheria yenyewe ikarekebishwa mwaka 1995: anayetaka kuitisha mkutano anampa mkuu wa polisi wa eneo *taarifa ya maandishi* saa 48 kabla, akitaja mahali, saa na madhumuni. Polisi wana uwezo wa kuuzuia kwa sababu zilizoandikwa katika sheria, kama vile kuhofia uvunjifu wa amani. Lakini mwanzo wa jambo umegeuka. Zamani mkutano ulikuwa haramu mpaka uruhusiwe. Sasa ni halali mpaka uzuiwe kwa sababu inayotajwa.

Na Sheria ya Vyama vya Siasa, kifungu cha 11, inakwenda mbele zaidi. Chama chenye usajili kina haki ya kufanya mkutano popote katika Jamhuri baada ya kutoa taarifa, na kina haki ya kulindwa na vyombo vya usalama ili mkutano uende kwa amani. Kulindwa, ndugu zangu. Askari anayesimama pembeni ya mkutano wetu yupo kwa ajili yetu pia. Tumkaribishe chai.

Kesi ileile ilikuwa na jambo la pili, nalo ni la mgombea binafsi. Jaji alikubali kwamba raia agombee bila kupitia chama. Hilo halikudumu hata miezi mitatu. Desemba 1994 Bunge likapitisha marekebisho ya 11 ya Katiba kuifunga njia hiyo. Hata Mwalimu Nyerere, aliyetulea katika chama kimoja, aliipinga hatua hiyo hadharani.

Mtikila akarudi tena mahakamani. Tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 17 Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema hilo ni la Bunge, mahakama haiwezi kulifanya. Mtu mwingine angesema basi, nimezeeka, niacheni. Yeye akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako Chama cha Mawakili wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao walikuwa wamefungua shauri hilohilo. Jaji Ramadhani wakati huo alikuwa mmoja wa majaji wa Arusha, ila kanuni haimruhusu jaji kusikiliza kesi ya nchi yake, hivyo akakaa pembeni. Tarehe 14 Juni 2013 Arusha ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zake, ikaagiza sheria zirekebishwe.

Miaka ishirini kutoka Dodoma mpaka Arusha! Na fidia? Hakupewa hata senti. Mwaka uliofuata mahakama iliyakataa madai yake ya fedha kwa sababu hakuwasilisha ushahidi wa gharama. Mhazini wetu, nadhani umesikia habari ya risiti.

Mgombea binafsi mpaka leo hayupo. Na ile njia ya Arusha nayo imezibwa: Novemba 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililokuwa linamruhusu raia kuishitaki moja kwa moja kule. Kwa hiyo akizuka Mtikila mwingine kesho, iwe Kasulu, Kakonko au hapa, hana pa kupitia alipopitia yule. Wapo wanaosema jambo la mgombea binafsi haliwahusu wenye vyama. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2019, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa fomu, mpaka vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa. Na katika kila chama, chetu kikiwemo, yupo mtu anayependwa na kijiji kizima lakini jina lake linakatwa juu. Huyo wananchi wanamkosa kwa sababu hana mlango wa pili.

Sasa niseme upande wa pili, maana kikao cha kumkumbuka mtu kisigeuke cha kumpaka mafuta. Mtikila alikuwa na ulimi mkali kupita kiasi. Mwaka 1999 alifungwa kwa maneno aliyosema kuhusu kifo cha Horace Kolimba. Hilo la kufungwa kwa maneno naliona kosa la waliomfunga. Lakini alivyowasema Watanzania wenye asili ya Asia, akiwaita magabacholi mbele ya umati wenye njaa, siwezi kumtetea. Sisi wa Kigoma hatuna ruhusa ya kulishangilia hilo. Nani hapa hajawahi kuulizwa uraia wake akiwa kwenye basi, kwa sababu ya lafudhi tu? Nani hajaitwa Mrundi kwa dhihaka, na mwenye kuambiwa ameonekana hana pa kusemea? Ukiwa umeonja hayo, huwezi kuchekea mwenzako anapoambiwa si wa hapa. Na kambi ya Nduta iko jirani. Mzungumzaji yeyote wa tawi hili atakayepanda jukwaani kuwatupia wakimbizi lawama za bei ya maharage, mimi mwenyewe nitamwomba Mwenyekiti amshushe.

Na kwenye kura? Aligombea urais mwaka 2005 na hakufikisha hata asilimia moja. Alifariki kwa ajali ya gari eneo la Chalinze tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya Uchaguzi Mkuu. Kwa hesabu ya viti ni sifuri. Sisi watu wa nyanda hizi tunajua kuhesabu viti. Mwaka 2010 majimbo manne ya mkoa huu, Muhambwe yetu likiwemo, yalikwenda NCCR-Mageuzi, na wenyeji hawajasahau. Lakini mikutano iliyofanya ushindi ule uwezekane ilifanyika kwa taarifa ya saa 48, na taarifa hiyo ni kazi ya mtu aliyekosa kura.

Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ilizuiwa, na ikakaa hivyo mpaka Rais Samia alipotangaza kuondoa zuio hilo tarehe 3 Januari 2023. Tulishukuru, na ilikuwa haki kushukuru. Ila angalieni: katika miaka ile sita na nusu kifungu cha 11 kilikuwepo kitabuni vilevile. Kilichokuwa kimekosekana ni utekelezaji. Na nadhani miaka ile imetuachia ugonjwa. Nimeona rasimu ya barua yetu. Inaanza hivi: “Yah: Kuomba kibali cha kufanya mkutano wa hadhara.” Inamalizia: “Tutashukuru kwa kukubaliwa ombi letu.” Hakuna aliyetulazimisha kuandika hivyo. Ukiomba, umempa mwenzako haki ya kukataa ambayo sheria haikumpa.

Kwa hiyo kamati imekubaliana hivi. Barua iandikwe upya: “Yah: Taarifa ya mkutano wa hadhara.” Itaje uwanja, siku, saa ya kuanza na kumaliza, na madhumuni. Lugha iwe ya heshima, mkuu wa polisi wa wilaya ni mtumishi wa umma na ana kazi nyingi. Ipelekwe siku nne kabla, tusisubiri saa 48 za mwisho. Iende nakala mbili, moja ibaki, ya pili irudi na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Tukijibiwa kwamba mkutano umezuiwa, tutaomba sababu kwa maandishi, na siku hiyo hakuna mwanachama atakayekwenda uwanjani kubishana na askari. Tutakwenda kwa wakili.

Katibu ataipeleka, akifuatana na mama mmoja wa jumuiya ya wanawake na kijana mmoja. Nauli ya pikipiki itatoka kwenye mfuko wa tawi. Risiti irudi kwa Mhazini.