Kasoro za Kulehemu Bodi za Saketi: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Tanuri

Mada kwa mafundi na wasimamizi wa uzalishaji

1. Utangulizi



Bodi ikitoka na kasoro, wengi wetu hukimbilia vitufe vya tanuri. Joto hupandishwa, mwendo wa mkanda hupunguzwa, na kesho yake huzuka kasoro nyingine. Hoja yangu ni kwamba tanuri ndipo kasoro inapoonekana, lakini mara nyingi sipo inapozaliwa.

Bodi hupita hatua tatu: rojo ya lehemu huchapwa kupitia matundu ya stensili, vijenzi hupachikwa kwa mashine, kisha rojo huyeyushwa tanurini. Anayetafuta chanzo hana budi kuzirudia hatua hizo kinyumenyume.

2. Maswali matatu ya kuanzia

Kasoro iko wapi kwenye bodi? Hutokea wakati gani? Hurudi pale pale au huhamahama? Majibu yatiwe alama kwenye mchoro wa bodi kabla ya mtu yeyote kubadili kitu.

Tuchukue chipu ambayo miguu yake imeachana kwa nusu milimita, na lehemu imeunganisha kama daraja miguu miwili isiyopaswa kugusana. Kumbukumbu zinaonyesha kuwa bodi za mwanzo ni safi, madaraja hayo huongezeka kadiri uchapaji unavyoendelea, na stensili ikifutwa hutoweka. Hapo tanuri halihusiki. Rojo inavuja chini ya stensili, pengine kwa sababu bodi haikuegemezwa vizuri ikabonyea katikati, au kisu cha kuchapia kinakandamiza kupita kiasi. Dawa ni kupanga upya nguzo za kuegemeza bodi na kurekebisha mkandamizo. Lakini daraja likijirudia kwenye miguu ileile katika kila bodi, na uchapaji uko sawa, kagua ukubwa wa tundu la stensili na mchoro wa bodi yenyewe.

Lehemu ikipungua, pima tundu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba eneo la tundu likigawanywa kwa eneo la kuta zake, jibu lisipungue 0.66. Likipungua, rojo hung'ang'ania stensili badala ya kubaki kwenye bodi.

3. Rojo na unyevu

Rojo nyingi huhifadhiwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi za Selsiasi 0 na 10. Kopo likitolewa, liachwe limefungwa hadi lifikie joto la chumba, kwa kawaida saa kadhaa. Likifunguliwa likiwa baridi, unyevu wa hewa hugeuka matone ya maji ndani yake; tanurini maji hayo huchemka na kurusha vipunje vya lehemu kandokando ya vijenzi. Kwa karakana za mwambao, kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, jambo hili si la kupuuzwa.

Vijenzi vya plastiki navyo hufyonza unyevu. Pakiti ikikaa wazi kupita muda ulioandikwa kwenye lebo, maji hugeuka mvuke tanurini na kupasua kijenzi kwa ndani. Vijenzi hivyo vikaushwe kwanza kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

4. Tanuri lenyewe

Lehemu ya zamani ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwa nyuzi 183. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki tarehe 1 Julai 2006, na aina iliyoenea sasa, SAC305, ina bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5. Hii huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220. Kwa kawaida kilele hupangwa kati ya 235 na 250, na lehemu hukaa juu ya kiwango cha kuyeyuka kwa sekunde 60 hadi 90. Mpangilio wa lehemu ya zamani hauwezi kuifaa.

Vipimo hivyo ni vya bodi, wala si vya kioo cha tanuri. Nyaya za kupimia joto zifungwe kwenye kijenzi kizito kuliko vyote na kwenye kile chepesi kabisa. Tena, kiungo cha SAC305 kwa asili haking'ai kama cha risasi. Kisikataliwe kwa rangi pekee. Tazama kama lehemu imetandaa na kushika pande zote mbili.

Kapasita ndogo ikisimama wima kwa ncha moja, maana yake lehemu ya upande mmoja iliyeyuka kwanza ikaivuta. Kagua kama rojo ililingana pande zote, kama kijenzi kilipachikwa katikati, na kama upande mmoja umeungana na shaba pana inayonyonya joto. Hili la mwisho hurekebishwa na mchoraji wa bodi.

5. Mapendekezo

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha andika matokeo. Kagua rojo mara baada ya kuchapa, kwani bodi iliyochapwa vibaya bado inaweza kuoshwa na kuchapwa upya. Kurekebisha kiungo kwa pasi ya kulehemia huokoa bodi moja tu. Chanzo hubaki kikizalisha nyingine. Nawaomba wasimamizi wawape mafundi mamlaka ya kusimamisha mashine kasoro ileile inapojirudia, badala ya kuwapima kwa wingi wa bodi walizorekebisha.