Mtoto Mwenye Kujidhuru na Wajibu wa Wazazi Wake
(Hotuba iliyosomwa Gitega mbele ya Waislamu wa Gitega na Muyinga)



Nimetakiwa niseme juu ya malezi ya watoto. Ningeweza kusema yale tuliyozoea, ya adabu na sala na kuwaheshimu wakubwa, nanyi mngeniitikia, kisha tukaenda kula. Lakini nimeona niseme jambo lililopita nyumbani mwangu, na kabla ya kusimama hapa nilimwomba idhini mwenye jambo lake, naye ni binti yangu. Aliniambia, "Sema, Baba, ila jina langu usilitaje." Basi silitaji.

Tulikuwa tukikaa Muyinga. Mtoto huyu alikuwa na umri wa miaka 15, mpole, hodari wa skuli na wa chuo. Katika mwaka wa mtihani wa taifa wa darasa la tisa akaanza kukosa usingizi. Asubuhi moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, chakula hakipiti, na mlango wa skuli hawezi kuuvuka. Mimi nikasema ni uvivu. Kisha akapenda kuvaa mikono mirefu hata ndani ya nyumba, hata mbele ya moto wa jikoni, nami nikafurahi nikidhani ni haya na dini. Ndugu zangu, nilimsifu mbele ya wenzake. Kumbe mikono ile mirefu ilikuwa imefunika mikato ya wembe.

Mama yake alijua miezi minne kabla yangu. Aliona damu katika kanga, akaifua usiku, asiniambie. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alinificha, alijibu, "Nilikuogopa wewe kuliko nilivyouogopa wembe." Neno hili sikulijibu siku ile, na hata leo sijapata jawabu lake.

Nilipojua, nilimsomea Kurani, na kwa hilo sijuti, kwani kisomo ni rehema. Ninajuta kwa lililofuata. Mtu mmoja alinishauri ya kuwa huyo ni jini, na jini hatoki ila kwa fimbo. Nikakubali. Nilisimama nje ya mlango nikimsikia mwanangu analia. Juma lile lile alijichoma mkono kwa kaa la moto.

Sisi watu wa Burundi si wageni wa maradhi ya nafsi. Kirundi kimeyagawa kwa majina: ibisazi ndiyo wazimu, ibisigo ni mambo ya pepo, akabonge ni huzuni nzito yenye kumlemea mtu, na ihahamuka ni hofu imshikayo mtu hata akawa hana utulivu. Jina hili la mwisho tulilisikia sana baada ya Oktoba 1993, vita vilipoanza. Mimi nilikuwa kijana wakati huo, na kwa miaka mingi mlango ukigongwa usiku nilikuwa nikishika ukuta. Hapana aliyeniambia kuwa nina jini wala kuwa imani yangu ni haba. Walisema, "Ameona mengi, mwacheni apumzike." Mbona binti yangu, kwa kuwa hakuviona vita, nilimnyima udhuru ule nilioupewa mimi?

Wala tusidhani kuwa maradhi haya huwapata wajinga wa dini. Imamu Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa katika madrasa ya Nizamiyya huko Baghdad, na mwaka 1095 ulimi wake ulifungika akashindwa kusomesha, na chakula kikawa hakishuki. Matabibu walimtazama wakasema kuwa asili ya ugonjwa imo moyoni. Yeye mwenyewe aliyaandika hayo wala hakuona aibu. Na Nabii Yaakub alilia kwa ajili ya mwanawe hata macho yakapofuka. Ni nani kati yetu atakayesema alipungukiwa na subira?

Aliyetuokoa ni muuguzi wa kituo cha afya alipokuwa akilifunga lile jeraha la moto. Hakumkemea mtoto. Alimwuliza pole pole, mbele yetu, kama anataka kufa. Nilitaka kumzuia, nikihofu kuwa atamtia fikira hiyo kichwani. Baadaye nikafundishwa kuwa kuuliza hakumtii mtu fikira ya kufa; humfungulia mlango wa kusema. Mtoto akajibu, "Sitaki kufa. Nikijikata, kile kilio cha ndani hunyamaza kidogo." Hapo nikafahamu ya kuwa hakuwa akitutia adabu, wala hakuwa akitafuta kutazamwa. Alikuwa akijitibu kwa dawa mbaya, kwani nzuri hatukumpa. Lakini nisifahamike vibaya: wengi wenye kujikata hawakusudii kufa, ila hatari ya kufa kwao ni kubwa kuliko kwa wengine, na hayo si ya kungojea.

Tukamleta hapa Gitega, akakaa kwa mama yake mdogo, akawa anakwenda kila juma kuzungumza na mtu aliyesomea maradhi hayo. Mji huu tangu 2019 ni mji mkuu wa siasa wa nchi yetu. Kwangu mimi ni mji aliourudia mwanangu usingizi wake. Na wenye hali nzito zaidi hupelekwa Kamenge, Bujumbura, katika hospitali ya maradhi ya akili ya Mafurera wa Charité. Wako walioniuliza, "Shekhe, waendaje kwa Wakristo?" Niliwakumbusha kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipohama Makka alimwajiri mwongozaji asiyekuwa Mwislamu, kwa sababu aliijua njia.

Tuliyofundishwa nyumbani ni mambo madogo. Nyembe, vidonge, na ile dawa ya wadudu ya shamba la kahawa tukazifungia kwa kufuli. Tuliacha kumwapisha kuwa hatarudia, kwani kiapo kikivunjika mtoto huzidi kujichukia. Badala yake tuliwekeana alama: wimbi la hofu likimjia, huweka tasbihi yake mapajani mwa mama yake au mwangu, nasi hatuulizi kitu. Tunakaa naye. Anapumua pole pole, hutia mikono katika maji ya baridi, na wimbi hupita. Usiku mmoja tulikaa hivyo mpaka adhana ya Alfajiri.

Mtaniuliza habari za sitara, kwani tumeamrishwa kusitiri. Nami nilidhani kuwa ninasitiri. Lakini nguo ya sitara humfunika mwenye baridi. Ile yangu ilinifunika mimi, na mtoto akabaki nje.

Hajapona kabisa. Mwezi uliopita alijikata mara moja, akaja mwenyewe kutuambia kabla damu haijakauka. Mama yake alimfunga kitambaa, mimi nikapika chai.

Leo baada ya Alasiri nitakuwa barazani nyuma ya msikiti, na mama yake atakuwa upande wa wanawake. Atakayekuja, hatutamwuliza jina la mtoto wake. Wassalaam alaykum.