Jicho Lililotiwa Kioo Kipya

Leo tuzungumze juu ya jicho. Mama asiyeelewa aulize. Hapa kliniki hakuna aibu.

Tazama jicho la mtoto wako. Mbele kabisa kuna kifuniko chembamba, safi kama kioo cha dirisha. Wanganga wanakiita konea. Kikichafuka, mtoto haoni vizuri. Na kwetu Maniema kinachafuliwa na nini? Surua kwa mtoto asiyekula vizuri. Kijiti cha shamba. Maji ya majani yanayotiwa jichoni.

Mwaka 1905, munganga Eduard Zirm, huko Olomouc katika Ulaya, aliondoa kioo kilichoharibika, akatia kingine, na mgonjwa akaona. Leo kazi hiyo inafanywa katika nchi nyingi, hata Nairobi. Kioo kipya kinatoka kwa mtu aliyefariki. Basi ni zawadi kubwa, tena ni vigumu kuipata mara ya pili.

Sasa sikilizeni neno la leo. Kuna virusi vinaitwa herpesi. Ni vile vile vinavyoleta vidonda vya mdomoni wakati wa homa. Vikiingia jichoni vinatoboa kidonda chenye matawi kama mti. Kidonda kikipona, virusi havifi. Vinalala ndani ya mshipa wa fahamu, kama moto chini ya majivu. Homa ya malaria ikija, au jua kali, au mwili ukichoka, moto unawaka tena, hata juu ya kioo kipya.

Labda utauliza: «Mbona walinipa dawa mbili, na jicho limekwisha kupona?» Swali zuri. Matone ya kotizoni yanazuia mwili usikikatae kioo cha mgeni. Lakini kotizoni inawapa virusi nafasi ya kuamka. Ndiyo sababu munganga anaongeza asikloviri ya kuvizuia, pengine kwa miezi mingi. Dawa hizo zinakwenda pamoja. Usiache hata moja bila kuambiwa na munganga.

Tena, mama, usichukue chupa ile ile ukamtilia mdogo wake mwenye jicho jekundu! Matone yaliyookoa jicho la mmoja yanaweza kuharibu jicho la mwingine. Kama ana herpesi, kotizoni itakiongeza kidonda. Wala usiinunue sokoni kwa sababu jirani alipona.

Jicho lililotiwa kioo kipya, uliangalie kila siku. Njoo upesi, siku ile ile, ukiona mambo haya:

1. Jicho limekuwa jekundu.
2. Linauma.
3. Linakimbia mwanga.
4. Haoni vizuri kama jana.

Mambo haya yanaweza kuwa virusi, au mwili unakataa kioo. Wewe hutajua ni lipi, na munganga naye hajui mpaka apime. Usingoje kesho.

Na nyumbani? Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutia matone. Ncha ya chupa isiguse jicho. Kila mtu awe na kitambaa chake cha uso. Mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto.

Lakini afadhali mtoto asifike kwenye operesheni. Apate chanjo ya surua akiwa na miezi 9. Apewe vitamini A kila miezi 6, tangu miezi 6 mpaka miaka 5. Ale sombe, lengalenga, papai na mawese mekundu. Usiyachome mpaka yawe meupe, maana nguvu yake inapotea.

Mnakumbuka Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko? Watu walimkemea anyamaze, naye akazidi kupaza sauti. Basi mama, wakikuambia, «Ni macho mekundu tu, yatapona,» usinyamaze. Mbebe mtoto, uje. Mungu awabariki.